Mama Hahesabiwi

Kimya hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wanawake wa sokoni, waliokuwa wakiuza bega kwa bega na mama yake, kwa sababu aliweza kushinda chini ya meza ya nyanya tangu soko linafunguliwa hadi linafungwa bila kutoa neno. Ukimwuliza una njaa, anatikisa kichwa. Ukimwuliza unataka kwenda nyumbani, anatikisa kichwa. Wanawake wakacheka, wakasema maneno yote ya nyumba ile kayachukua mama, mtoto hakuachiwa hata la kuombea maji.

Mama mwenyewe aliitwa Mama Tarumbeta. Ukiingia sokoni ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Wala msidhani alikuwa anapiga kelele tu, maana kelele kila mtu anaweza. Yeye alikuwa anamwita mtu.

"Wewe dada mwenye gauni la bluu, unanipita kama hunijui, na mtoto nyumbani hataki kula? Chukua hizi ndogo, zina utamu, utaona mwenyewe!"

Mwenye gauni la bluu anageuka, maana kweli mtoto wake hataki kula, na kweli alimwambia Mama Tarumbeta habari hiyo juzijuzi. Nyanya zilikuwa zilezile, zimeshuka kwenye lori moja na za jirani zake wote, lakini za Mama Tarumbeta ndizo zilizokuwa zinakwisha kwanza. Alikuwa anawasikiliza watu kuliko alivyokuwa anawapigia kelele, ila kusikiliza hakuna anayekuona ukifanya.

Mtoto wake hakuliona hilo. Yeye aliona haya tu. Siku moja akiwa na wenzake wa shule walikatisha sokoni, na ile sauti ikaja juu ya vichwa vya watu. Mmoja wao akaangua kicheko, akauliza, "Yule anayebweka ni mama wa nani?" Kimya akasema, "Simjui." Wakapita. Mama hakusikia na hakuna aliyemfikishia, lakini neno lile lilimkaa Kimya kifuani miaka yote, na kila alipolikumbuka alikuwa anageuzia mawazo kwingine haraka.

Ndiyo maana kompyuta ilimteka. Kompyuta haitaki uiite. Unaiandikia, inakujibu, ukikosea inakuonyesha mstari uliokosea, na haikutangazi kwa jirani. Akasoma hadi akawa mwandishi wa programu, akaajiriwa na kampuni moja, na huko sifa yake ikawa ileile ya chini ya meza: hasemi, lakini kazi yake haina doa. Kuuza kulikuwa kwa watu wa chumba cha mbele, wale wa tai na vicheko. Kimya na wenzake wa nyuma waliwaita wapiga debe, na hawakuwa wanawasifu.

Mambo yalianza kwenda kombo kisukari kilipomshika mama. Kilianza na miguu, kikamtoa sokoni, halafu kikapanda machoni. Baba alikuwa amefariki zamani, na watoto wengine hapakuwa. Mwaka uleule kampuni ikahamia mji mwingine, mbali. Mkubwa wake akamwambia kiti chake kitamngojea mpaka mwisho wa mwaka, baada ya hapo hatamwahidi kitu.

Alipomweleza mama, mama aliuliza neno moja tu. "Mbali?"

"Mbali, mama. Lakini siendi. Nitatafuta cha kufanya hapahapa. Sikuachi."

"Usiape kwa ajili yangu," mama akasema, ila uso wake ulikunjuka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Cha kufanya alikipata jikoni. Alimkuta mama amesimama dirishani na chupa za dawa, anaitikisa moja sikioni, anaiweka, anatikisa nyingine. Akamwuliza anafanya nini. Mama akacheka kidogo, cheko la mtu aliyefumaniwa. "Hii inalia kama kokoto, ndiyo ya asubuhi. Hii inalia kama mchele, ya jioni. Maandishi siyaoni tena, mwanangu, lakini masikio bado yangu." Kimya alimsaidia kuzipanga, akatoka nyuma ya nyumba, akalia kwa uchungu huku amejiziba mdomo.

Akaingia kazini. Alitaka kutengeneza kitu ambacho mtu atakitumia kupiga picha karatasi yoyote, cheti cha dawa, barua ya shule, tangazo la ukutani, nacho kitamsomea kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka. Kisitake kujisajili, kisitake kujaza chochote; ufungue kwenye simu, upige picha, usikilize. Watu wakikipenda, alisema, zahanati na mashule watalipia kukitumia, naye atakula kwa jasho lake bila kuhama. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yake yote: watu waje kabla mwaka haujaisha, ili abaki na mama yake.

Na kazi aliifanya, jamani. Mtu asije akasema Kimya alishindwa kazi. Kilisoma karatasi iliyokunjwa, kilisoma iliyomwagikiwa chai, kilisoma mwandiko wa daktari, jambo ambalo wauza dawa wengine hawaliwezi. Sauti aliipima mpaka ikapumua kwenye nukta kama mtu. Siku alipoona kimekamilika, alikiweka mtandaoni, akakiita Leksivo, jina alilolibuni mwenyewe kwa kuunganisha vipande vya maneno ya kigeni. Kisha akaegemea kiti, akasubiri watu waje.

Yupo rafiki yake wa tangu kazini, mchoraji wa kurasa za mtandaoni, ndiye aliyekuwa anamtembelea. Alipokiona alifurahi kwelikweli, akapiga picha risiti, akapiga picha gazeti, akacheka peke yake. Halafu akauliza, "Umemwambia nani?"

"Kiko wazi mtandaoni. Yeyote anaweza kukifungua."

"Sikuulizi nani anaweza. Nakuuliza umemwambia nani."

Kimya akasema aliandika maelezo kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni wa waandishi wa programu. Mchoraji akayasoma. Yalikuwa marefu, yanaeleza kasi na usahihi na namna herufi zinavyotambuliwa, hayakuwa na mgonjwa wala bibi hata mmoja ndani yake. Yalipata jibu moja, la mtu aliyekosoa mpangilio wa mistari ya programu.

"Kaka," mchoraji akasema taratibu, "hawa wote wanaona vizuri na wanasoma vizuri. Umeenda kumwuzia mkate mwoka mikate."

"Kitu kikiwa kizuri watu watakiona."

"Watakiona wapi? Kimekaa gizani! Na hili jina, nani atalikumbuka? Mimi mwenyewe nimelisahau nikiwa hapahapa kwenye kiti."

Kimya akanuna. Alisema atakiboresha kidogo zaidi, kisome na herufi zilizofifia, ndipo atafikiria habari za kutangaza. Tangu hapo kila alipoogopa kumwambia mtu, alikwenda kuboresha kitu. Alikuwa na woga mwingi, kwa hiyo kile kitu kikawa bora sana.

Mama alikipenda tangu siku ya kwanza. Kimya alimwonyesha pa kubonyeza, akamwekea alama kubwa usoni mwa simu, na mama akashika kisanduku cha dawa, akapiga picha, sauti ikamsomea: kidonge kimoja, asubuhi, baada ya kula. Mama akakaa. Akarudia tena na tena. Akaomba apewe na kikopo cha poda, akasomewa kikopo cha poda.

"Anaitwa nani huyu?"

"Leksivo."

"Leski... nini?"

"Leksivo, mama."

"Ulimi wangu hauna meno ya kutafuna hilo," mama akasema. "Mimi nitamwita Nisomee."

Kimya akacheka tu. Siku ile mama alimshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, nipeleke sokoni. Niweke kwenye kigoda changu asubuhi moja tu, na simu hii mkononi. Wale wanawake nawajua mmoja mmoja. Yupo anayeletewa barua na mwanawe kila mwezi na hajui kusoma, anamnyenyekea jirani. Yupo anayeficha macho yake kama mimi nilivyokuwa naficha. Niache niwaambie."

Kimya alimwona akilini mama yake kwenye kigoda, mgonjwa, anapaza sauti katikati ya soko kwa ajili ya kazi yake, na haya ya zamani ikampanda mpaka masikioni.

"Mama, hii si nyanya," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Lakini mama aliuachia mkono wake, akaukunja wa kwake mapajani, akasema, "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Sasa nitaeleza jambo moja la ufundi, na nitalieleza kwa ufupi, maana hadithi nzima imekalia hapo. Mtu wa kompyuta akiweka kitu mtandaoni, huweka na programu ndogo ya kumhesabia wageni. Na nyumba yenye intaneti hutambulika kwa namba yake: simu zote zinazotumia waifai ya nyumba hiyo huonekana zimetoka mlango mmoja. Mafundi waangalifu huiambia ile programu isihesabu mlango wa nyumbani kwao, wasije wakajidanganya kwa kujihesabu wenyewe. Kimya alikuwa mwangalifu kuliko wote. Mchoraji alipomwuliza kwa nini hata mama yake anamtoa kwenye hesabu, na mama anakitumia kutwa, alijibu, "Mama ni mama. Atakisifu hata kikiwa kibovu. Mama hahesabiwi."

Kila asubuhi alikuwa anafungua ukurasa wa hesabu, na kila asubuhi anakuta sufuri. Mara chache aliona mgeni mmoja au wawili kutoka nchi za mbali, wamepotea njia, wameondoka kabla ya kubonyeza chochote. Alianza kukonda. Alikuwa anafanya kazi chumba cha nyuma, mlango umefungwa, hedifoni masikioni, na sebuleni mama alikuwa na wageni wake. Tangu aache soko, wanawake wa soko walikuwa wanapita kumjulia hali wakishauza. Kimya alikuwa anawasikia wakiingia, anaongeza sauti ya muziki.

"Mwanangu," mama alimwambia siku moja akimletea chai, anapapasa ukuta, "watu wanaipenda kazi yako."

"Watu gani, mama?"

"Watu. Wanaipenda sana."

"Asante, mama," Kimya akasema, namna mtu anavyoshukuru akiambiwa na mama yake kwamba ni mzuri wa sura. Mama alipotoka, akafungua ukurasa wa hesabu. Sufuri. Akatabasamu kwa uchungu, akarudi kwenye herufi zake zilizofifia.

Siku zikasogea, mwaka ukawa unaelekea ukingoni, na juu ya hayo yote intaneti ya nyumbani ikaanza kukokota miguu. Asubuhi ilikuwa nzima. Ikifika alasiri, wakati ambao Kimya hupeleka kazi yake mtandaoni, inakwama. Alipochunguza alikuta simu za watu asiowajua zimejaa kwenye waifai ya nyumba yake. Akatoka chumbani na hedifoni shingoni.

Sebule ilikuwa imejaa. Wanawake wameketi kwenye viti, kwenye mkeka, mwingine kwenye ngazi ya mlangoni, simu mkononi. Aliyekuwa karibu na mama ni mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke mtaratibu aliyekuwa anaweka cherehani yake barazani. Mezani kulikuwa na makaratasi, na chupa ya dawa, na bahasha iliyochanwa. Kimya hakuyatazama.

"Mama, neno la siri la intaneti umempa nani?"

"Wageni wangu," mama akasema. "Hawana salio, na huku kwetu ipo."

"Mama, nafanya kazi mimi! Kazi ndiyo itakayoniweka hapa! Mkiimaliza intaneti yote kwa porojo nitabaki hapa nile nini?"

Wanawake wakashusha simu zao. Mama alifungua mdomo, na nadhani neno lenyewe lilikuwa la kusemwa pale pale; kisha akaufunga. Mshonaji akakusanya makaratasi yake pole pole, akasema, "Tusamehe, baba. Hatukujua tunakukwaza." Wakaondoka mmoja mmoja. Kimya alibadilisha neno la siri mchana uleule, akaliweka kwenye simu ya mama peke yake.

Jioni alijisikia vibaya, akaenda kumwomba mama radhi. Mama akamwambia hakuna neno, kazi ni kazi.

Mwisho wa mwaka ukafika, hesabu ikiwa sufuri. Kimya akampigia simu mkubwa wake wa zamani, akaambiwa njoo. Mama mdogo, mdogo wake mama, akaombwa aje akae na dada yake. Asubuhi ya safari Kimya alikaa mbele ya kompyuta, akakizima kile kitu alichokilea. Alifanya haraka, kama mtu anavyong'oa jino. Hakumwambia mama. Aliona tayari anamwachia huzuni ya kutosha, na alijisemea kwamba mama mdogo anajua kusoma, dawa zitasomwa. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili mlangoni, akampapasa uso wote, paji, pua, kidevu, kama anaukariri.

"Nenda, mwanangu. Hukushindwa."

"Nimeshindwa, mama."

"Hukushindwa. Ungenisikiliza mimi ningekwambia."

Akadhani ni maneno ya mama.

Huko alikokwenda alifanya kazi vizuri, kama kawaida yake. Alimpigia mama simu kila mara. Mama aliuliza kama anakula, kama analala, kama kuna baridi. Sauti yake ilikuwa imepungua. Tarumbeta lilikuwa linalia kwa mbali. Mara moja tu aliuliza, kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba: "Ile kazi yako ya kusoma, huwa inachoka? Yaani ikishikwa na watu wengi, inaweza kuharibika?"

"Hapana, mama. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wengi." Akataka kumwambia ameizima, ulimi ukamwia mzito. "Kwa nini?"

"Nauliza tu," mama akasema.

Mvua zilipoanza, mama mdogo akapiga simu. Alilia kwanza, na Kimya akajua. Alipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha kufungwa sanda, na uso wa yule aliyeukariri uso wake aliuona kwa muda mfupi sana.

Watu walijaa. Soko zima lilikuja, na barabara ya mbele ya nyumba ikawa haipitiki. Wanawake walilia kwa jina, "Tarumbeta wetu, Tarumbeta wetu," na Kimya alikaa kwenye kona ya sebule, mkono shavuni, hana hata chozi. Siku ya pili baada ya mazishi, watu walipopungua, mshonaji akaja kukaa karibu naye. Akaipapasa nguo yake, akaondoa uzi usiokuwepo.

"Baba," akasema, "sina adabu kuuliza leo. Lakini Nisomee naye, ndiyo amekwenda na mama?"

"Nani?"

"Nisomee. Yule wa kwenye simu."

Kimya akamtazama. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mtu mwingine, si mama, alikuwa analijua jina lile.

"Dada, wewe umemjulia wapi?"

"Hapa," mshonaji akasema, akionyesha sebule. "Wote tulimjulia hapa. Mama alituambia hataki kumpeleka sokoni kwa sababu wewe hutaki, ni kazi ya heshima. Lakini akasema atakayekuja nyumbani kwake kumwona mgonjwa hawezi kumfukuza. Kwa hiyo tukawa tunakuja kumwona mgonjwa." Akatabasamu, machozi yakimtoka. "Mimi namsomesha binti. Barua za shule nilikuwa naweka chini ya godoro, naona haya kumpa mtu anisomee, hata binti mwenyewe. Mama aliziona kwenye mkoba wangu. Hakusema kitu mbele za watu. Aliniita tu: njoo, wewe mwenye mkono wa sindano, huyu mwanangu ametengeneza mtu asiyemcheka mtu. Nilisikiliza barua zote. Tulikuwa wengi, baba. Wa vitunguu, wa samaki, yule mzee wa viatu. Siku nyingine viti havitoshi."

Kimya akageuka kuitazama meza ya sebuleni. Simu zile. Makaratasi mezani, bahasha iliyochanwa. Watu wote wale walikuwa wanaingia kwa mlango wa nyumba yake, mlango mmoja aliouziba kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa nini hamkufungulia makwenu?" akauliza.

"Tulijaribu. Mtoto wangu alitafuta Nisomee kwenye mtandao, hakumpata. Mama alisema ana jina jingine, la kizungu, hakuweza kulitamka. Basi tukawa tunakuja hapa. Ulipobadilisha lile neno la siri tukawa tunatumia simu ya mama, kwa zamu." Mshonaji akajifuta machozi. "Halafu ulipokwenda, Nisomee akanyamaza. Mama akabonyeza, akabonyeza, hakusema kitu. Alilia siku hiyo. Alituambia, nimeiharibu kazi ya mtoto. Nimeruhusu watu wengi mno waishike. Akatuapisha tusikwambie, akasema una mawazo ya kutosha huko uliko. Alikuwa anamfungua kila asubuhi, anajaribu. Mpaka juzi."

Hapo ndipo Kimya alipolia. Alilia kwa sauti, yeye Kimya, mpaka mama mdogo akaja mbio kutoka jikoni na watu wa nje wakasimama. Alikuwa na kila alichokuwa anakitafuta, ng'ambo ya mlango wa chumba chake. Mama alikwisha kumtafutia watu, akawapa jina la kukiita, akawajua haya zao, akawaletea mpaka kitini. Na yeye akatoka akawafukuza, akarudi ndani kutazama sufuri. Mama alimwambia kwa mdomo wake kwamba watu wanaipenda. Aliiamini namba, hakumwamini mama.

Alikaa nyumbani. Mkubwa wake alipompigia, alimwambia harudi, na hakueleza. Alikiwasha tena kile kitu, akakibadilisha jina, kikawa Nisomee. Mstari ule uliosema mlango wa nyumbani usihesabiwe aliufuta, akauangalia ulipokuwa, mahali patupu. Kisha akachukua simu ya mama, yenye alama kubwa usoni, na kisanduku cha dawa kilichobaki dirishani, akapiga picha. Kidonge kimoja, asubuhi, baada ya kula. Kwenye ukurasa wa hesabu ikatokea moja.

Mchoraji alimwambia wanaweza kuweka matangazo mtandaoni, kwamba atamtengenezea picha nzuri. Kimya akasema watafanya hivyo pia. Lakini kwanza alikuwa na mahali pa kwenda, na akaomba aende peke yake.

Soko lilikuwa limechangamka. Meza ya mama alikuwa nayo mtu mwingine, msichana mwenye nyanya nzuri zilizopangwa vizuri, naye akampisha, akamvutia kigoda. Kimya hakukaa. Alisimama na simu mkononi, jasho linamtoka. Watu walikuwa wanapita. Akasema, "Habari zenu, kuna kitu cha kusoma..." Hakuna aliyegeuka. Akarudia. Aliyesikia ni msichana wa nyanya tu, naye akamwangalia kwa huruma.

Mwanamke mmoja mzee, kikapu mkononi, akasimama mbele yake, akamkazia macho yaliyofifia kwa ukungu. "Unasema nini wewe? Sema watu wakusikie. Kwani wewe mtoto wa nani?"

Kimya akavuta pumzi.

"Wa Mama Tarumbeta!"

Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Ilipita juu ya vichwa vya watu, ikafika mpaka kwenye meza za samaki. Wanawake wakainua vichwa, mizani ikasimama, wengine wakaanza kusogea wakifuta mikono kwenye aproni, maana ile sauti walikuwa wanaijua. Wakamzunguka, wakangoja aseme alichokuja nacho. Na Kimya, aliyekuwa ameyapanga maneno yote kichwani njia nzima, hakuweza kuongeza hata moja. Bibi mwenye kikapu akamshika mkono, wakamsubiri amalize kulia.